Kikohozi kwenye Laini ya Mwanza

Taarifa ya msiba ilinikuta nyumbani kwangu Nyashimo, ungo wa mchele mapajani. Simu ililia kwa wimbo wa harusi ambao mjukuu wangu aliniwekea bila kuniuliza, nikapokea nikiwa bado nacheka, na sauti ya mwanamke ikaniambia kwamba Mama Limi wa Bariadi amefariki alfajiri na maziko ni kesho. Nilibaki na simu sikioni muda mrefu baada ya yeye kukata. Hasira ndiyo iliyonipata kwanza, kabla ya machozi, na aliyeipata hasira hiyo ni yule mwimbaji wa harusi. Simu za siku hizi hazina adabu. Hulia vilevile kwa furaha, kwa kifo, na kwa kampuni inayotaka kukuuzia kifurushi. Aliyekufa ndiye aliyenifundisha kwamba simu ina namna yake ya kubisha hodi, na kwamba ukisikiliza vizuri unamjua mgeni kabla hujamfungulia. Nilikaa naye mwaka mmoja tu mbele ya swichibodi ya kiwanda cha kuchambua pamba, nami nimeshasahau miaka mingi mingine ambayo haikunifundisha kitu.

Chumba cha simu kilikuwa mwisho wa korido, baada ya uhasibu, chembamba hivi kwamba mmoja akitaka kutoka lazima mwenzake asimame. Dirisha lilitazama uwanja ambako malori kutoka Kasoli na vijiji vingine yalipanga foleni kuelekea mizani. Msimu ukishaanza, vumbi la pamba liliingia kila mahali, likakaa kwenye kope, kwenye nywele na juu ya chai. Ukutani ulisimama ubao wenyewe, mweusi, una safu za matundu, na juu ya kila tundu kifuniko kidogo cha shaba ambacho kilidondoka mtu alipoita. Chini yake zilikuwepo nyaya zenye ncha, na ubavuni mpini wa kuzungusha. Mama Limi alivaa hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa, mgongo umenyooka, na siku yangu ya kwanza hakugeuka mpaka niliposalimia kama alivyotaka yeye. "Mwangaluka, mayu," nilimwamkia kwa Kisukuma, mayu yaani mama, nikipiga goti kwenye ile nafasi ndogo. "Mwangaluka, ng'wana wane. Keti hapo. Leo usiguse kitu, sikiliza tu." Leo yake iliendelea wiki nzima. Nilikaa mikono mapajani, nikahesabiwa kuwa kazini, nikaona aibu.

Nilidhani nitafundishwa kuchomeka nyaya. Kumbe kuchomeka ni kazi ya kujifunza siku moja. Kusikiliza ndiko kulikonimaliza. Simu za ndani zote zilikuwa na mpini, na kila mtu aliuzungusha kwa tabia yake. Meneja alizungusha mara moja, polepole, akijua atapokelewa tu. Karani wa mizani alizungusha kama anayegombana na mtu, hata akiwa anaulizia chai. Mlinzi wa getini aliugusa kidogo tu, kwa woga wa kuharibu mali ya watu, hivi kwamba kifuniko chake kilitikisika bila kudondoka, na ukiwa mzembe humwoni. Laini ya nje ilikuwa na kengele nzito. Mtu akipiga kutoka mjini hapo, kengele ililia moja kwa moja. Akiwa mbali, Mwanza au Shinyanga, ilianza kwa kusitasita, ikakata, ikarudi. "Nani huyo?" Mama Limi aliniuliza kila mara kabla ya kupokea. Nikikosea hakunisahihisha, aliniachia kipokeo cha pili nisikie mwenyewe nilivyokosea. Na kabla ya kumuunganisha mtu ilibidi ugusishe ncha ya waya kwenye mdomo wa tundu: ukisikia mshindo mdogo sikioni, humo kuna watu wanaongea, subiri. Siku niliyosahau, nilimwingilia mhasibu akimbembeleza muuguzi mmoja wa Maswa. Mama Limi alinichapa kofi la mkononi. "Kwenu mnaingia chumbani mwa watu bila hodi?" aliuliza, halafu akamwomba radhi mhasibu kwa sauti ya heshima ambayo ilimwaibisha yule baba kuliko kama tungemcheka.

Tulisikia mengi, siwezi kudanganya. Kila Jumatatu meneja alimpigia mkewe Dar es Salaam, akaulizia watoto kwa sentensi moja na mbuzi wake wa maziwa kwa kumi. Mzee mmoja wa Shishiyu alikuwa akija na kuomba apigiwe simu kwa mwanawe mjini Shinyanga, na salamu zake zilikuwa ndefu, za ng'ombe mmoja mmoja, mpaka muda ukaisha kabla hajasema lililomleta. Ikabidi arudi wiki iliyofuata na kuanza tena kwa salamu. Mimi nilijiuma kanga nisicheke. Mama Limi hakucheka ila tukifika nyumbani, maana nilikuwa nimepanga chumba cha uani kwake, na huko alicheka mpaka akajifuta machozi, bila kumtaja mtu jina. Saa nne alifungua kitambaa chenye matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na karanga, tukatafuna kwa zamu kwa sababu mwenye kitu mdomoni hakuruhusiwa kuvaa hedifoni. Hadi leo nikila matobolwa naona nachelewa, kuna mtu ananisubiri.

Somo alilolipenda zaidi lilikuwa kimya. Waya ukikatika, na ulikatika mara kwa mara, ama ng'ombe wamejikuna kwenye nguzo ama mtu amehitaji shaba ya bangili, kimya chake ni kikavu, hakina chochote, hata pumzi yako hairudi. Mvua ikinyesha njiani, kimya kinachemka kama mafuta yaliyotiwa kitunguu. Mtu akiacha simu mezani na kwenda kutafuta faili, unasikia chumba chake, kiti kikiburutwa, mlango. Kisha kuna kimya cha mtu aliyeshika simu na hasemi. "Hicho usikikate," alinifundisha. "Uliza, ngoja, uliza tena. Anayenyamaza ana sababu yake." Nilikuwa msichana wa mjini kidogo, mwenye haraka, na nilidhani anaikuza kazi yake ionekane kubwa.

Yeye mwenyewe nilimwona akinyamaza Jumapili moja nyumbani. Binti yake, Limi, alikuwa ameolewa Kasoli na kijana mkulima aitwaye Masunga, mwana wa marehemu Maduhu. Katika ukoo wao mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni wala hawasemezani. Ndiyo heshima yenyewe, na kuivunja ni kumvua mwenzako nguo mbele za watu. Ikitokea wamesemezana kwa bahati mbaya, mkwe huleta kondoo, wazee wakaosha lile neno. Basi siku hiyo Masunga alisimama nje ya ua wa minyaa, akakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kubisha hodi, kikavu, mara mbili, halafu cha tatu kilichovutwa. Mama Limi alikuwa anasonga ugali. Aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaingia ndani na kurudisha mlango. Limi aliingia uani akicheka, mimba yake ya kwanza imeanza kutokeza, akamalizia ugali. Mimi nikapewa kazi ya kubeba maneno. "Mwambie huyo bwana amekaribishwa," Mama Limi alininong'oneza kwenye ufa wa mlango. "Umekaribishwa," nikasema. "Mwambie mayu nimeshukuru," Masunga alijibu akiwatazama kuku. Kati yao ulikuwepo ubao wa mlango tu, na walipendana, nina hakika. Mama Limi alinikabidhi firigisi na paja nimpelekee, na yeye akala shingo.

Masika yalikuwa yameanza Limi alipopelekwa hospitali Mwanza, mimba imemlemea. Tulikaa siku kadhaa bila habari, na Mama Limi akawa mtu wa kugutuka kila kengele ya nje ilipolia. Asubuhi moja ikalia kwa kusitasita. "Mbali," nilisema. Alichomeka, opareta wa mjini akasema, "Mwanza huyo, ongeeni," akajitoa. "Kiwanda cha pamba Bariadi, habari za asubuhi," alisema Mama Limi. Hakujibu mtu. Alirudia, akangoja, akachomoa waya. Muda si mrefu ikaja nyingine, ikawa vilevile, ila mara hii nilikuwa nimeshika kipokeo cha pili na nilisikia muhuri ukigongwa juu ya bahasha, watu wakizungumza kwa mbali, na karibu kabisa pumzi ya mtu. Nilimtazama Mama Limi. Alikuwa ameisikia pia. Lakini siku hizo walikuwepo wanaume waliopenda kupiga simu maofisini ili wasikie sauti ya mwanamke tu, na yeye alikuwa hajalala vizuri tangu Limi aondoke. "Huyu hana adabu," alisema, akavuta waya kwa nguvu.

"Mayu, si ulisema tungoje?"

"Nilisema. Sasa nasema unganisha ghala."

Ya tatu ilikuja wakati wa chai. Aliipokea akiwa amekunja uso. "Kiwanda cha pamba Bariadi," alisema, na hakuongeza habari za asubuhi. Pumzi ile ile, muhuri ule ule. Alikuwa ameshika waya tayari kuuchomoa, na mimi nilikuwa na kipokeo sikioni, wakati mtu wa Mwanza alipokohoa. Mara mbili kwa ukavu, halafu cha tatu kikavutwa. Mama Limi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Alivua hedifoni, akanivalisha bila kunitazama, akaenda dirishani na kutupa kisogo, kama vile Masunga alikuwa ameingia chumbani.

Asubuhi nzima mkwe wake alikuwa amepanga foleni posta, amelipia muda, ameingia kwenye kile kibanda, amesikia sauti ya mama mkwe badala ya yangu, na amenyamaza kwa heshima mpaka simu ikakatwa. Kumwomba karani wa posta amsemee asingeweza. Kwenye laini mbovu kila kitu kinasemwa kwa kelele, na alilokuwa nalo halikuwa la kupigiwa kelele mbele ya foleni.

"Ni Minza," nilisema. "Mayu ameondoka kwenye simu. Sema."

Masunga alilia kwanza. Kisha akasema mtoto amezaliwa usiku, hakuwa hai, na damu ya Limi haikatiki. Daktari anataka kutoa kizazi. Amesema isipofanyika leo, Limi atakufa, na mume ndiye wa kusaini. "Ni mtoto wa watu, Minza. Hana mtoto hata mmoja, na hatapata tena. Baba yangu hayupo. Nikisaini peke yangu nitakuwa nimemfanya nini? Muulize mayu. Nitafanya atakalosema."

Niligeuka nikayasema yale maneno kwa mgongo wa Mama Limi. Sikujua kuyapunguza, nikayatoa kama yalivyokuja. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma na watu wanalielekeza kwa kelele. Aliweka kiganja kwenye kioo. "Muulize huyo bwana," alisema, "Limi anaweza kusema?" Nikauliza. "Anasema kidogo. Anamwita mama yake," akajibu Masunga. Nikarudisha. Nilikuwa naogopa mno, na nilimwonea huruma kila mmoja wao hivi kwamba nilitaka kuivua ile hedifoni na kukimbilia kwenye pamba. Mama Limi akavuta pumzi ili ajibu, na hapo hapo laini ikaanza kuchemka. Mvua ilikuwa imefika njiani. "Halo? Minza? Sikusikii," alisema Masunga. Nilipaza sauti. Nilikuwa nimefundishwa mara ngapi kwamba kupaza kunaharibu, na bado nilipaza, sauti ikapasuka. "Minza? Amesemaje?" Opareta aliingia akasema Mwanza anamaliza muda wake. "Amesemaje?" Masunga aliuliza tena, sasa kutoka mbali sana.

Mama Limi aligeuka kutoka dirishani. Alikuja akanivua hedifoni, akaivaa akiwa amesimama, akafumba macho. Nilijua anachotaka kufanya na nilitaka kumzuia, kwa sababu nilikuwa nimemwona nyuma ya mlango ule. Alisema kwa sauti yake ya kazi, ya chini, isiyogombana na mvua. "Saini, ng'wana Maduhu." Alingoja kidogo. "Saini, baba. Mimi ndiye nimesema."

Kimya kilichofuata kilikuwa kikavu. Waya ulikuwa umekatika. Alibaki amesimama na hedifoni kichwani, akiuliza na kungoja, akiuliza na kungoja, halafu akanigeukia. "Amesikia?" aliniuliza mimi, mwanafunzi wake, mimi ambaye miezi michache nyuma nilikuwa sijui kumtofautisha mlinzi na panya.

"Sijui, mayu."

Mchana wote laini ya nje haikurudi. Mama Limi aliinua kiti chake, akaketi, akaendelea na kazi, maana simu za ndani hazikujua kilichotokea. Mizani, ongea. Ghala, ongea. Meneja alipopewa habari alikuja hadi mlangoni, akamwambia aende nyumbani, naye akajibu kwamba nyumbani hakuna simu. Tuliporudi nilipika, hakuna aliyekula. Kesho yake alipanda basi la kwanza kwenda Mwanza na mimi nikabaki na ubao peke yangu, nikiisikiliza kengele ile ya nje kwa hofu ambayo sijaisahau. Niliwaunganisha watu wa pamba na watu wa pamba.

Habari ililetwa na dereva wa lori: Limi yu hai. Mama Limi mwenyewe alirudi baada ya majuma kadhaa, amekonda, na jioni hiyo uani alinieleza. Masunga alisaini mchana ule ule. Damu ilikatika. Mjukuu walimzika Kasoli. Alieleza yote hayo bila kutetereka, nikadhani amemaliza. "Ila sijui kama alinisikia," alisema. "Mwenyewe hajasema, na mimi siwezi kumuuliza. Angenisikia, angeleta kondoo." Tulingoja kondoo. Mvua zikaisha, pamba ikavunwa, hakuna mtu aliyeleta kitu. Huko Kasoli ndugu za Masunga walikuwa wamemkalia kikao. Walimwambia amekata ukoo kwa kalamu, peke yake, bila kumuuliza mkubwa yeyote. Alikubali. Alisema ndiyo, nilisaini peke yangu. Wakamshauri aoe mwingine, akakataa, na hilo nalo likaongezwa kwenye makosa yake.

Mama Limi alizipata habari hizo na zilimuuma. Nilitegemea afurahi, kwa vile heshima yake ilikuwa imepona. Kama neno halikufika, basi halikusemwa. Hakufurahi hata kidogo. "Nilitaka ajue yuko na mtu," aliniambia. Mwisho wa mwaka nilipata kazi nyingine, nikaolewa, nikahamia Nyashimo, na ubao ule baadaye uling'olewa. Kila nilipopita Bariadi nilimtembelea. Alizeeka, akahamia Kasoli kwa Limi na Masunga, ambao walikuwa wamelea watoto wa kaka yake Masunga mpaka wakapata wajukuu wa kuwaita babu na bibi. Yeye na mkwe wake waliishi kwenye boma moja miaka yote hiyo, na mlango kati yao. Mara ya mwisho nilipomwona, masikio yalikuwa yamechoka, akanivuta karibu aniulize kama nakumbuka mvua ile, na kama kwa maoni yangu ilikuwa imefika Mwanza au iliishia njiani. Nilisema sijui. Wakati wote nimejuta kwamba sikuwa na jibu lingine.

Basi niliacha ungo, nikafunga kanga, na asubuhi nilikuwa Kasoli. Limi alinipokea, kichwa cheupe, akaniegemea. Masunga alikuwa mbali, upande wa wanaume, mzee mrefu aliyeinama, kofia mikononi. Mazishi yalikwenda kama yanavyokwenda. Katekista alisoma, wanawake wakaimba, wakaitwa watoto kuweka udongo, kisha wakwe. Ndugu wa Masunga walikuwepo, wale wale waliokaa kikao, wengine wakisaidiwa na fimbo. Yeye alitoka kwenye mstari akaja mpaka ukingoni mwa kaburi, karibu kuliko alivyowahi kumkaribia mwanamke yule akiwa hai, na minong'ono ikaanza. Alipiga magoti. Hakuchukua udongo kwanza. Aliinua uso, akalitazama jeneza, akasema kwa sauti ambayo kila mtu wa ukoo wake aliisikia:

"Nilikusikia, mayu. Nilikusikia vizuri."